Nilivyompata mnasihi wa El Paso nikiwa Houston

Kila Mtanzania niliyemgusia hapa Houston kwamba natafuta mnasihi, mtaalamu wa kuongea naye yanayokusumbua moyoni, aliniambia kitu kimoja: tafuta anayezungumza Kiswahili. Walisema kwa nia njema, lakini ushauri huo ulinipotezea karibu msimu mzima wa baridi, na naandika haya kabla mwingine hajapelekwa njia hiyo hiyo.

Shida yangu naisema kwa ufupi. Mama alifariki Tanga, nami sikwenda kumzika. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa bado uhamiaji, na ukitoka Marekani katikati ya ombi kama langu bila kibali cha kusafiri, wanahesabu umeliacha. Maziko niliyaangalia kwenye simu, nimekaa garini nje ya nyumba ya wazee ninakobeba boksi zamu ya usiku, mpaka bando la aliyeshika simu kule likakata. Hitma ilisomwa, biriani ikaletwa, binamu yangu akaja kutoka Dallas. Watu walipotawanyika usingizi nao ukaondoka, na kazini nikawa mtu wa kufoka. Nikaamua kutafuta mtu wa kuongea naye, kwa kulipa.

Binamu alicheka. "Bwana wee, chukua yeyote. Wote wamesoma kitabu kimoja."

Nilianza na orodha ya kampuni yangu ya bima, maana nakatwa mshahara kwa ajili yake. Namba moja ilipiga mlio wa faksi. Nyingine ilikuwa kliniki ya meno ya watoto, na dada aliyepokea alijibu kama mtu aliyekwisha kujibu swali hilo mara nyingi. Kuna daktari niliambiwa alistaafu kabla ya korona. Mmoja akapokea mwenyewe, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akasema aliacha kupokea bima hiyo zamani na ameshawaandikia wamtoe kwenye orodha. "Ukifanikiwa kuwapata," akaniambia, "wakumbushe na la kwangu."

Nilidhani ni nuksi yangu. Kumbe mwaka 2023 wafanyakazi wa Kamati ya Fedha ya Seneti walijifanya wateja, wakapiga simu 120 kwa wataalamu wa afya ya akili walioorodheshwa na mipango 12 ya Medicare Advantage, yaani bima ya serikali ya wazee inayoendeshwa na kampuni binafsi. Walipata miadi kwa asilimia 18 tu ya simu hizo. Kama watu wa Seneti wanachezewa hivyo, mimi nani?

Basi nikahamia kwenye saraka za mtandaoni. Kubwa kuliko zote ni ya Psychology Today, na kuna kitu ungependa kukijua kabla hujaifungua: wanaoonekana mle wanalipia, kama dola 30 kwa mwezi, na maelezo wanajiandikia wenyewe. Leseni zao huhakikiwa, ila hakuna aliyekuhakikishia kuwa mtu huyo anafaa kwa shida yako. Mimi nilipolijua hilo nikaanza kuusoma kila wasifu kama tangazo la kupangisha nyumba. Aliyeweka tiki kwenye kila shida, kuanzia ulevi, ndoa, watoto watukutu, kula kupita kiasi hadi msiba, nilimruka. Aliyeanza na "maisha ni safari" nilimruka. Picha za mawe yaliyopangwa juu ya mawe sikuzielewa hadi leo.

Sasa turudi kwenye Kiswahili.

Kwenye saraka mojawapo nilichuja kwa lugha, akatokea mama mmoja wa makamo ya kutosha, Mmarekani, nywele nyeupe, mwenye sura ya upole. Wengi wao hutoa dakika 15 za mwanzo bure ili mpimane, na siku hiyo kwenye video akaanza yeye: "Shikamoo!"

Mtoto wa Kitanga umwitikie marahaba mwanamke wa rika la mama yako? Ulimi ulikataa. Nikamrudishia shikamoo yangu. Naye, nadhani alifundishwa kuamkia tu, hakufundishwa kuitikia, akabaki anatabasamu ananisubiri. Tukakaa hivyo, shikamoo mbili hewani hazina mwenyewe. Alipozinduka akanieleza kwamba alipokuwa kijana alijitolea Morogoro, na anaikumbuka milima ya Uluguru kuliko kitu chochote. Tukaenda Uluguru. Tukaenda soko la Morogoro. Mwisho akaniuliza kama nikiwa kwenye "kitanda yangu" mawazo yanakuja, nami kabla sijajizuia nikasema, "Kitanda changu." Akafurahi sana, akachukua kalamu. Muda uliobaki ulikwenda kwenye ngeli. Binadamu mwema yule, tena nina hakika kuna watu anawafaa, lakini nililala macho usiku ule nikiwa nimefundisha somo bure.

Nilipomkuta Mswahili wa kweli, ilikuwa kwenye saraka nyingine, Inclusive Therapists, na sura nikaijua papo hapo. Tulikula meza moja kwenye harusi. Mkewe yuko chama kimoja na jirani yangu. Sikuogopa kwamba atanitangaza, leseni inamfunga mdomo na angeipoteza. Niliogopa Idd: nimeshika sahani ya pilau, yeye ananisalimia, na mimi najua kwamba anajua. Jamii yetu hapa ni ndogo mno kwa jambo hilo. Wanaokwambia utafute mwenzako hawafikirii kwamba mwenzako mtakutana naye msibani.

Ujanja wenyewe niliugundua zamu ya usiku, wazee wamelala. Leseni za Marekani hutolewa na jimbo, na sharti ni kwamba mnasihi awe na leseni ya jimbo ambalo mteja amekaa wakati wa kikao. Haisemi mji. Na Texas ni jimbo moja lenye ukubwa wa kuchekesha: Houston mpaka El Paso ni kilomita 1,200 hivi, kama Dar na Mwanza. Sasa, watu wote wa Houston wanaandika postikodi ya Houston, wanaangukia majina yale yale ya ukurasa wa kwanza, ndiyo maana kila niliyemwandikia alikuwa amejaa. Nikafuta postikodi yangu nikaandika ya Lubbock, mji wa mbali humu humu Texas. Loo! Wapo wenye nafasi wiki hiyo hiyo, wanaona watu kwa video, bima yangu wanapokea. Nikajaribu Amarillo. Nikajaribu Laredo. Nikaandika 79901, El Paso.

Pale nikaacha kubofya nikaanza kusoma, maana maneno yalikuwa yamebadilika. Wasifu za Houston zilijaa uchovu wa kazi na ndoa zenye mikwaruzo. Za El Paso zilitaja familia zilizogawanywa na mpaka, makaratasi, ndugu walio ng'ambo. Mji ule umekaa ukingoni mwa Rio Grande, na upande wa pili wa mto ni Ciudad Juárez, Mexico. Watu wa pale wana mama zao wanaoweza karibu kuwaona kwa macho, na wasiweze kuvuka kwenda kuwazika. Nilikuwa nimehangaika kumtafuta mtu wa lugha yangu, kumbe watu wa shida yangu walikuwa na mji mzima.

Nikatunga ujumbe mmoja, mfupi, nikawatumia waliobaki kwenye mchujo wangu. Sikujieleza sana. Nilitaja bima, nikataja kwamba napatikana asubuhi, kisha nikauliza: "Umewahi kumhudumia mtu aliyekosa maziko ya mzazi wake kwa sababu ya makaratasi? Huwa unaanzia wapi?" Swali hili nawapa bure, badilisheni shida tu muweke yenu. Usiulize "unaweza kunisaidia?", hakuna atakayesema hapana.

Majibu yalijichambua yenyewe. Wengine walinitumia fomu ya kujaza, hakuna hata salamu. Mmoja aliandika aya ndefu kuhusu mbinu anazotumia, herufi kubwa tupu, sikupata hata moja. Mmoja alikiri kwamba hajawahi, akanielekeza kwa mwenzake, na ukikutana na mtu wa namna hiyo mshike hata huyo mwenzake bila kumwona. Halafu likaja jibu la mama mmoja, mistari minne: "Ndiyo, wengi, hapa ni kazi ya kila wiki. Huwa nawauliza maziko yalikwendaje, na wao wangefanya nini lau wangekuwepo."

Nilisoma mstari ule wa mwisho nikafunga simu nikaenda kugeuza wagonjwa.

Kabla ya miadi niliingiza jina lake kwenye tovuti ya Texas Behavioral Health Executive Council, ndio wanaosimamia leseni za jimbo hili. Ni bure, na unaona kama leseni ipo hai na kama aliwahi kuchukuliwa hatua. Watu hawafanyi hivi, sijui kwa nini. Gari la mtumba wanalikagua mpaka chini ya zulia. Herufi zinazofuata jina, LPC (mnasihi mwenye leseni) au LCSW (mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya kutibu) na nyinginezo, zisikutishe sana. Ukiona neno Associate baada ya LPC, ni mtu anayefanya kazi chini ya msimamizi, na mara nyingi ana bei nafuu.

Kikao cha kwanza aliniuliza lile swali. Nikamwambia ningeshuka kaburini kumpokea, kwetu mtoto wa kiume hushuka. Hakuijua desturi hiyo, akaomba nimweleze, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kazini, hatua kwa hatua, nani anasimama wapi. Kiingereza kilitosha. Nilipokwama kwenye neno mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi anamolazwa maiti, nililisema hivyo hivyo, akaliandika, na tangu siku ile analitumia yeye pia, kwa lafudhi ya ajabu, na wala sijamsahihisha.

Zawadi nyingine sikuitegemea: El Paso iko nyuma yetu kwa saa moja, tofauti na karibu Texas yote. Natoka kazini saa moja asubuhi, nafika, naoga, nakunywa chai, na kikao chake cha kwanza cha siku, saa mbili ya kwake, kwangu ni saa tatu. Anayefanya kazi usiku ajue kutazama upande wa magharibi.

Hela, maana najua mtauliza. Bei bila bima kwa niliowauliza ilianzia kwenye dola mia na hamsini hivi na kupanda. Asiye na bima ya maana aangalie Open Path, shirika linalokuunganisha na wanasihi wa bei nafuu: unalipa uanachama dola 65 mara moja tu, halafu vikao ni kati ya 40 na 70 kwa mtu mmoja. Tena tangu Januari 2022 sheria inampa anayelipa mwenyewe haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi, ayadai. Na kabla ya yote ulizeni kazini kama mwajiri ana vikao vya bure kwa wafanyakazi, mimi vilikuwepo, vichache, na hakuna aliyenitajia mpaka nilipouliza ofisi ya utumishi.

Bima yangu inanitaka nilipe mwenyewe mpaka kiasi fulani ndipo nao waanze kubeba, na baada ya hapo kikao kinanitoka dola thelathini na ushei. Januari hesabu inaanza upya sifuri. Kwa hiyo Novemba na Desemba namwona kila wiki, na mwaka ukianza tunarudi kwenye mara moja kwa wiki mbili.