Dairekti debiti mbili za mwezi: ipi inahesabika, ipi haihesabiki

Akaunti nyingi za benki za Uingereza zinazotoa zawadi ya kila mwezi, au bonasi ya kuhamia kutoka benki nyingine, zina sharti lililojibanza katikati ya mengine: uwe na dairekti debiti mbili. Wengi hulisoma, wakakumbuka kwamba malipo kumi hutoka kwao kila mwezi, wakatulia. Mwezi unaisha na zawadi haijaingia. Wakifungua taarifa ya akaunti wanakuta katika yale kumi, dairekti debiti ilikuwa moja tu.

Dairekti debiti ni ruhusa unayoipa kampuni ije ivute pesa kwenye akaunti yako, kwa kutumia ile namba ya tawi ya tarakimu sita na namba ya akaunti ya tarakimu nane. Kampuni ndiyo inayovuta, na ndiyo inayotaja kiasi. Agizo la kudumu ni kinyume chake: wewe ndiye unayeiambia benki isukume pauni kadhaa kila tarehe fulani. Kodi unayompa mwenye nyumba wa kawaida huwa ni agizo la kudumu, kwa hiyo haikusaidii. Ukikaa nyumba ya halmashauri au ya chama cha makazi, huenda wanavuta wenyewe na hapo umepata moja. Netflix uliyoisajili kwa zile tarakimu ndefu za mbele ya kadi ni malipo ya kadi, hata kama yanajirudia kila mwezi. Pesa ya nyumbani unayotuma kwa programu ya simu kwa kawaida ni kadi au uhamisho wa benki. Mwenye mita ya umeme ya kulipia kabla hana dairekti debiti ya umeme. Na aliyezoea mambo ya SACCO kukata mkopo kwenye mshahara asije akachanganya: pensheni na mkopo wa chuo vinavyokatwa kazini havijafika hata kwenye akaunti.

Usikisie. Fungua programu ya benki, tafuta orodha ya dairekti debiti (mara nyingi imekaa jirani na maagizo ya kudumu, soma kichwa chake vizuri), halafu angalia kila mstari. Utaona jina la kampuni, namba ya kumbukumbu, kiasi cha mwisho na tarehe ya mwisho pesa ilipotoka. Hiyo tarehe ndiyo habari yenyewe. Mstari wenye jina lakini usio na tarehe ni ruhusa iliyolala. Kwenye taarifa ya mwezi, benki nyingi huweka herufi DD pembeni ya malipo ya aina hii na SO kwa agizo la kudumu.

Benki nyingi zinazolipa zawadi kila mwezi hazihesabu ruhusa ulizosaini. Zinahesabu pesa iliyotoka mwezi huo. Hapo ndipo watu wanapoanguka, na anayewaangusha zaidi ni kodi ya halmashauri (council tax, si kodi ya pango). Kwa kawaida kodi hiyo hulipwa kwa awamu 10, kuanzia Aprili hadi Januari. Februari na Machi hawavuti kitu. Mwenye dairekti debiti mbili, moja ikiwa ya halmashauri, atapokea zawadi miezi kumi kisha akose miwili bila kuelewa kosa lake ni lipi. Dawa ipo: halmashauri za England hutakiwa kukugawia malipo kwa miezi 12 ukiomba. Omba kabla ya Aprili, maana ukiomba katikati ya mwaka watagawa tu kile kilichobaki. Bili za maji nazo ziangalie, zipo kampuni zinazovuta miezi kadhaa kisha zikapumzika. Leseni ya televisheni ukiilipa kwa robo mwaka inavutwa mara nne tu kwa mwaka, na inaongezewa ada kidogo juu yake. Ya kila mwezi inakufaa zaidi.

Kadi ya mkopo ni mtego wa aina hiyo hiyo. Umeweka dairekti debiti ilipe deni lote kila mwezi, jambo zuri, lakini mwezi usioitumia kadi deni ni sifuri na hakuna kinachovutwa. Nunua nayo maziwa na mkate mara moja kwa mwezi. Ila angalia kima cha chini ambacho benki yako inataka kwa kila dairekti debiti.

Tuchukue akaunti ya Reward ya benki ya NatWest kwa masharti yake yaliyoanza 2020, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Ada ni £2 kwa mwezi. Lazima £1,250 iingie kwenye akaunti. Dairekti debiti mbili, kila moja isipungue £2, zinakupa £4. Kuingia kwenye programu ya simu mara moja kwa mwezi kunakupa £1. Jumla £5, toa ada £2, unabaki na £3 kwa mwezi, yaani £36 kwa mwaka. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo soma ya leo kabla ya kufungua. Sasa mtu anaambiwa ajitafutie dairekti debiti kwa kuchangia mashirika mawili ya hisani £2 kila moja. Hiyo ni £48 kwa mwaka ili apate £36. Kama ulikuwa unataka kutoa sadaka, toa, na Mungu akulipe. Kama ulikuwa unatafuta faida, umepoteza £12. Dairekti debiti nzuri ni ile ya bili ambayo ungeilipa hata kama zawadi isingekuwepo: simu ya mkataba, maji, umeme, intaneti, bima ya gari, gym.

Ukikosa ya pili, kuna njia ya PayPal. Unaiunganisha PayPal na akaunti ya benki, si kadi, na kwa kufanya hivyo unakuwa umeipa ruhusa ya dairekti debiti. Halafu huduma unayolipia kila mwezi, hiyo Netflix kwa mfano, unaihamishia ilipwe kwa PayPal, na ndani ya PayPal unachagua akaunti ya benki kuwa chanzo cha kwanza. Yanayoharibika ni mawili. Ukiwa na salio ndani ya PayPal, itatumia hilo kwanza na benki haitaguswa, kwa hiyo lihamishe salio lote benki. La pili: huduma tatu zinazolipwa kupitia PayPal zinaweza kuhesabiwa kama dairekti debiti moja, kwa sababu mvutaji ni mmoja. Benki zinazoandika kwamba zinataka dairekti debiti "tofauti" humaanisha kampuni tofauti.

Kisha kuna kalenda. Malipo haya hupita kwenye mfumo wa Bacs, ambao hufanya kazi kwa mzunguko wa siku tatu za kazi, na haufanyi kazi Jumamosi, Jumapili wala sikukuu za benki. Tarehe ikiangukia hapo, pesa huvutwa siku ya kazi inayofuata. Fikiria bili yako ni ya tarehe 31. Januari 31, 2026 ni Jumamosi, kwa hiyo inavutwa Jumatatu, Februari 2. Kwa macho ya benki, Januari hukulipa. Chagua tarehe kati ya 5 na 20. Kampuni nyingi hukuruhusu kubadilisha tarehe kwa simu au mtandaoni, ila fanya mapema, kwani kampuni ikitaka kubadilisha kiasi au tarehe lazima ikupe taarifa, na muda wa kawaida ni siku 10 za kazi. Ruhusa mpya nayo huchukua siku kadhaa kufika benki, halafu ndipo uvutaji wa kwanza upangwe. Ukijisajili tarehe 22, usitegemee chochote mwezi huo.

Pesa iwepo kwenye akaunti tangu jana yake jioni, maana uvutaji huanza alfajiri. Ikikosekana, benki nyingi hujaribu tena mchana wa siku hiyo hiyo, lakini ikishindikana malipo yanarudi bila kulipwa: zawadi hupati, na kampuni inaweza kukutoza faini ya kuchelewa.

Sharti la kuingiza pesa, kama ile £1,250, halisemi lazima iwe mshahara, isipokuwa benki imeandika hivyo. Anayeshinda kwa hili ni yule mwenye agizo la kudumu kutoka benki nyingine tarehe 3 na jingine la kuirudisha tarehe 5. Isitoke kwenye akaunti yako nyingine ya benki hiyo hiyo. Kwa kawaida uhamisho wa ndani hauhesabiwi.

Bonasi za kuhamia zina lugha yake. Hapo huombwa dairekti debiti "hai" ziwepo kwenye akaunti ya zamani zihame pamoja nayo, mara nyingi mbili, na zipo ofa zinazotaka tatu. Uhamisho hufanywa na huduma ya pamoja ya benki iliyoanza Septemba 2013: siku 7 za kazi, dairekti debiti na maagizo ya kudumu yote yanahama, na akaunti ya zamani inafungwa. Malipo ya kadi hayahami. Kwa hiyo wajanja hawahamishi akaunti ya mshahara. Wanafungua akaunti ya ziada, wanaiwekea dairekti debiti mbili ndogo, wanasubiri kila moja ivutwe angalau mara moja, ndipo wanaomba kuhamisha hiyo. Wiki tatu hadi nne zinatosha. Kosa ni kuanzisha au kufuta dairekti debiti ndani ya zile siku 7. Hapo ruhusa inaweza kubaki njiani. Na kumbuka kila akaunti mpya huweza kuleta ukaguzi wa rekodi yako ya mikopo, kwa hiyo mwenye mpango wa kuomba mkopo wa nyumba mwaka huu aache.

Ukimaliza na dairekti debiti ya muda, iambie kampuni kwanza, halafu futa benki. Kufuta benki peke yake kunasimamisha uvutaji lakini mkataba unabaki, na deni la gym huendelea kuhesabika. Kampuni ikivuta kwa makosa, piga simu benki, si kampuni: dhamana ya dairekti debiti inaitaka benki ikurudishie pesa yote mara moja.