Nilivyofunga kamera nne za IP dukani bila kuziacha wazi kwenye intaneti

Kazi yenyewe ni ya kawaida: duka la vifaa vya ujenzi mjini Tanga, stoo nyuma yake, na uwanja wa kushushia saruji na nondo. Kamera nne za megapikseli 4, swichi ya PoE (inayopeleka umeme na data kwa waya mmoja wa neti) ya poti nane, kinasa (NVR) chenye diski ya TB 2, na ruta. Mafundi wengi huanza na programu ya simu. Wanaskani kodi ya QR, picha inatokea, mteja anafurahi, kazi imeisha. Mimi simu naiweka mwisho kabisa. Kamera isiyoonekana mpaka ipitie seva ya mbali ni mzigo, kwa sababu siku picha ikipotea hujui uanzie kwenye waya, umeme, anwani au huko nje usikokujua.

Kila kamera naiwasha mezani kabla haijapanda ngazi. Nachomeka kamera moja kwenye swichi na laptopu kwenye poti nyingine. Moja tu, maana kamera mpya za kampuni moja hutoka kiwandani na anwani ileile ya mtandao: Hikvision nyingi huja na 192.168.1.64, Dahua 192.168.1.108. Ukizichomeka nne kwa mpigo zinagombania anwani, na utaziona zikipotea na kurudi bila mpangilio. Laptopu naipa anwani ya kudumu, 192.168.1.10, maski 255.255.255.0, nazima Wi-Fi yake isinichanganye, halafu natuma ping, ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kipo. Kamera ikijibu, nafungua anwani yake kwenye kivinjari nayo inanidai niunde nywila.

Nywila iwe ndefu, na kila kamera iwe na yake. Zinaandikwa kwenye daftari linalobaki kwa mwenye duka, kwa sababu ukipoteza nywila ya kamera za siku hizi kuirudisha ni safari ndefu. Zamani vifaa vilikuja na admin na 12345, na watu waliviacha hivyohivyo. Oktoba 2016 programu hasidi ya Mirai ilikusanya kamera na vinasa vya namna hiyo kwa wingi na kuvitumia kuishambulia kampuni ya Dyn, hadi tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote, picha zao ziliendelea kuonekana.

Mpangilio wangu wa anwani ni huu: ruta 192.168.10.1, kinasa 192.168.10.10, kamera kuanzia .21 hadi .24, na DHCP ya ruta, inayovipa vifaa vingine anwani yenyewe, inagawa kuanzia .100 hadi .200 ili isikanyage za kudumu. Ukishahifadhi anwani mpya, ukurasa unaganda. Kamera imehamia mtandao mwingine na laptopu imebaki ule wa zamani, kwa hiyo badilisha na laptopu, usiibonyeze kamera kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani. Sehemu ya lango la mtandao (gateway, anwani ya ruta ya kutokea nje) kwenye kamera naiacha tupu. Fomu ikikataa, naandika anwani isiyo na kifaa, mfano 192.168.10.254. Kamera na kinasa wako mtandao mmoja, wanaongea bila lango. Kamera isiyo na lango haina njia ya kutoka nje, hata programu yake ya ndani ikiwa na udhaifu.

Hasara ya kuacha lango tupu ni saa: kamera haiwezi kuuliza muda kutoka seva za intaneti. Kwa hiyo seva ya NTP, yaani inayotoa muda, naiandika kuwa 192.168.10.10, yaani kinasa, au ruta kama inaweza kutoa huduma hiyo. Ukanda uwe GMT+3, na mabadiliko ya saa za majira ya joto yazimwe. Kamera nyingi hazitunzi saa umeme ukikatika. Zikiwaka zinarudi mwaka 1970 au 2000, na rekodi yenye tarehe hiyo haimsaidii mtu. Papo hapo naweka masafa ya umeme kuwa 50 Hz. Ukiacha 60 Hz, chini ya taa za tyubu na baadhi ya LED utaona mistari ya giza ikipanda na kushuka kwenye picha.

Kwa picha yenyewe, mkondo mkuu, yaani video ya kurekodi, naupa 2560 × 1440, H.265 (njia ya kubana video), fremu 15 kwa sekunde, kasi isizidi kbps 2,048, na fremu kamili (picha nzima, si mabadiliko tu) moja kila fremu 30, yaani kila sekunde mbili. Hiyo ya mwisho wengi huiruka. Ukiiweka mbali, ukifungua picha unasubiri kioo cheusi mpaka fremu kamili ifuate. Zile kodeki "erevu" za kampuni, zenye alama ya kujumlisha mwishoni mwa jina, nazizima, kwa kuwa hurefusha nafasi hiyo zenyewe na programu nyingine hushindwa kuzisoma. Mkondo mdogo uwe 640 × 360, H.264, kbps 512. Huo ndio wa simu.

Kipimo cha mwisho cha mezani ni VLC, programu ya kuchezea video. Nafungua mkondo wa mtandao na kuandika:

rtsp://mtazamaji:NYWILA@192.168.10.21:554/Streaming/Channels/101

Hiyo ni ya Hikvision. 101 ni mkondo mkuu na 102 ni mdogo. Kwa Dahua mwisho wake ni /cam/realmonitor?channel=1&subtype=0, na mkondo mdogo ni subtype=1. "Mtazamaji" ni mtumiaji mwenye ruhusa ya kuangalia tu, niliyemuunda kwa ajili hiyo. Nywila ikiwa na @ au :, anwani inavunjika na VLC italalamika kana kwamba umekosea nywila, hivyo kwa mtumiaji huyu tumia herufi na tarakimu tu. Ukichanganya kinasa cha kampuni moja na kamera ya nyingine, washa ONVIF, lugha ya pamoja ya kamera za kampuni tofauti. Kwenye kamera nyingi huja imezimwa, tena ina orodha yake ya watumiaji. Nywila ya admin haitakubalika huko mpaka uunde mtumiaji wa ONVIF peke yake.

Sasa waya, maana usumbufu mwingi unaofuata baadaye chanzo chake ni hapa. Sokoni kuna Cat6 nzuri kwa sura ambayo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Chuna uzi mmoja, ukwangue kwa ncha ya kisu. Ikitokea rangi ya fedha chini ya wekundu, usiununue. Ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba tupu, na unakatika kirahisi kwenye plagi. Dalili yake ni hii: kamera inafanya kazi vizuri mchana kutwa, jioni taa za infraredi (mwanga usioonekana wa kuonea usiku) zikiwaka inajizima na kuwaka upya. Mchana inakula wati 3 au 4, usiku inafika 7, na, hasa kwa 12 V, voltiji inayofika mwisho wa waya haitoshi.

Kwa sababu hiyohiyo sipeleki 12 V mbali. Wati 7 kwa 12 V ni karibu ampea 0.6, na kwenye mita 40 za waya wa neti wa shaba, ukitumia jozi moja kwenda na moja kurudi, unapoteza kama volti 2. Kwa 48 V ya PoE mkondo ni ampea 0.15 tu na unapoteza nusu volti. PoE ya kiwango cha 802.3af inatoa hadi wati 15.4 kwenye poti, na kikomo cha urefu ni mita 100. Kamera nne zangu hazizidi wati 28, swichi ya wati 60 inazibeba bila jasho. Jihadhari na swichi za bei ndogo zinazotoa 24 V moja kwa moja bila kuulizana na kamera. Hazifuati kiwango, na kamera ya 802.3af haitawaka.

Kwa nini sikutumia kinasa chenye poti za PoE? Kinaokoa pesa, sikatai. Ila kinaficha kamera kwenye mtandao wake wa ndani, na siku unataka kuifikia kamera moja kuichunguza unazunguka sana.

Plagi za RJ45 nabana kwa mpangilio wa T568B pande zote mbili: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kabla ya kubana upande wa kamera, pitisha kwanza kifuniko cha nyuma, kisha mpira, kisha mwili wa kile kizibo cha maji kinachokuja kwenye pakiti. Ukishabana, kizibo hakipiti tena, ndiyo maana unavikuta vingi vimetupwa chini ya ngazi. Tanga hewa ina chumvi, na plagi iliyoachwa wazi chini ya paa huota kijani kwenye pini. Kiungo kinakaa ndani ya boksi la nje, waya unaingilia chini, na kabla ya kuingia nauacha ushuke na kupanda kidogo ili maji ya mvua yadondokee pale kwenye mkunjo. Waya wa kwenda jengo jingine ni habari nyingine: radi ikipiga jirani hupita humo na kuua swichi nzima. Hapo natumia faiba na vigeuzi viwili.

Kimo ni mita 2.5 hadi 3. Juu zaidi utarekodi kofia. Lenzi watu wanachagua 2.8 mm kwa kuwa inaona pana, nyuzi 100 hivi, lakini upana unakula sura. Kiwango cha Ulaya EN 62676-4, toleo la 2015, kilitaka pikseli 250 kwa mita ili umtambue mtu usiyemjua. Kwa picha ya pikseli 2,560 hiyo ni upana wa mita 10 tu, ambao lenzi ya 2.8 mm inaufikia kwenye mita 4 kutoka kamera. Ya 6 mm inafika kama mita 11. Kwa hiyo kaunta ilipata 2.8, na geti la magari likapata 6. Kamera moja ya "kuona kila kitu" huwa inaona watu wote na haimtambui hata mmoja.

Usiku, kamera iliyobanwa chini kabisa ya dari nyeupe itaonyesha weupe juu na giza kwingine, kwa sababu infraredi inagonga dari na kurudi. Isogeze mbele kwa mkono wa chuma wa sentimita 15. Buibui nao wanafuata wadudu wanaofuata joto na mwanga. Uwanjani nilizima infraredi ya kamera na kufunga taa ya infraredi pembeni, mita moja na nusu, utando ukajengwa kule. Kwa tahadhari za mwendo tumia utambuzi wa mtu au gari na uchore eneo. Ule wa kulinganisha pikseli utakutumia ujumbe kila tawi la mnazi likitikisika.

Diski: kbps 2,048 ni GB 22 kwa siku kwa kamera moja, 88 kwa nne, hivyo TB 2 ni siku 22 za kurekodi bila kukoma. Umeme: kamera, swichi, kinasa na ruta ni wati 55 hivi usiku. UPS ndogo yenye betri ya 12 V 7 Ah haifikishi saa moja. Betri ya lithiamu ya 12.8 V 50 Ah na inveta inakaribia saa tisa.

Mwishoni simu. Angalia kwenye ruta anwani ya upande wa nje. Ikianza na 10., au iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amekuweka nyuma ya anwani ya pamoja na kufungua poti, yaani mlango wa kuingilia kutoka intaneti, hakutasaidia. Hata ingesaidia nisingefungua, na UPnP nazima kwenye ruta na kwenye kinasa, maana hufungua poti bila kukuuliza. Ninatumia WireGuard, VPN yaani njia iliyosimbwa kati ya vifaa vyangu tu: seva ndogo ya kukodi yenye anwani ya umma, ruta ya duka inaipigia na PersistentKeepalive (ujumbe mfupi wa kuiweka njia wazi) ya sekunde 25, simu nayo inaingia hapohapo. Kinasa peke yake ndicho chenye lango, na ruta inakiruhusu kuongea na mtandao wa WireGuard tu. Kuangalia mkondo mdogo mmoja ni kama MB 230 kwa saa, yote minne karibu MB 900, na bando linaguswa tu wakati mtu anaangalia. Linganisha na kurekodi wingu: kamera moja ya kbps 2,048 ni GB 660 kwa mwezi, zikipandishwa kutoka dukani.

Pale kamera ya uwanja ilipogusa dirisha la jirani niliweka kiziba cheusi kwenye mipangilio ya picha, na tangazo la kamera likabandikwa mlangoni. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, picha ya mtu si mali ya mwenye kamera kuitumia apendavyo. Tukio likitokea, nakili mapema kabla diski haijajifuta, chukua dakika kumi kabla na kumi baada, pamoja na kisomaji cha kampuni kama faili haifunguki kwa VLC. Pamoja na flashi iende karatasi yenye namba ya kamera, saa ya kuanza na kuisha, na tofauti kati ya saa ya kinasa na saa ya simu wakati unanakili.