Shati la njano

Jana nguo zangu zote za kijivu zilikuwa kwenye maji, nikavaa shati la njano nililolificha kabatini miaka miwili. Sijafika hata mezani kwangu kazini, mmoja ananiuliza, "Leo unaenda kuoa?" Mwingine akadhani naacha kazi. Na mimi sijafungua mdomo! Kumbe kile kijivu nacho kilikuwa kinanisemea siku zote: msinitazame, msinisumbue. Na kweli, hawakunisumbua.

Kifungo cha pili nimekishona kwa uzi mwekundu, maana ndio uliokuwa karibu. Ndicho kilichosifiwa kuliko shati lenyewe, eti "mtindo". Sikubisha.

Leo nimerudia kijivu, ila soksi ni za njano. Anayetaka kuziona ainame.