Kava la Santuri Lililonipeleka Lubumbashi

Malori yalikuwa yamejipanga Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, tangu usiku, yamebeba shaba bapa zilizofungwa kwa mikanda ya chuma, yakisubiri kuingia Zambia. Mengi yangeishia bandarini kwetu Dar es Salaam. Mimi nilitoka huko huko kwa basi, na sasa nilikuwa navuka mpaka kwa miguu nikiwa na begi moja na bomba la plastiki la kubebea michoro. Baba yangu aliendesha lori njia hii miaka ya tisini. Safari moja alirudi Temeke na picha ya mambamuntu, ameikunja na kuiweka nyuma ya kiti chake.

Picha ile ilikaa ukutani sebuleni hadi nilipoolewa. Mwanamke nusu samaki yuko ukingoni mwa maji, saa mkononi, nyoka begani, na chini kabisa mchoraji ameandika jina lake kwa herufi nene nyekundu zenye kivuli. Mgeni hakuwa anamaliza chai bila kuuliza: huyu nani, anataka nini, umemtoa wapi? Hapo baba anakaa vizuri na kuanza kusimulia. Mimi natengeneza kava za muziki, na shule yangu ya kwanza ilikuwa ukuta ule.

Kazi nilianzia Kariakoo wakati wa kaseti. Upande wa mbele wa kava la kaseti una kama sentimita 10 kwa 6.5, na humo msambazaji anataka sura ya msanii, jina, orodha ya nyimbo na namba yake ya simu. Ikaja CD, sentimita 12. Sasa ni simu: natuma faili la pikseli 3,000 kwa 3,000, na msikilizaji analiona likiwa na ukubwa wa ukucha. Kava langu moja la zamani lilienea mji mzima jina langu likiwa limefutwa, na aliyelichapa hakunilipa hata senti. Nililia siku mbili. Kilichonirudisha mezani ni kazi za Lemi Ghariokwu, yule kijana wa Lagos aliyejifunza kuchora mwenyewe na kuanza kumchorea mwanamuziki Fela Kuti mwaka 1974. Kwenye kava zake kila kona ina mtu, kila mtu ana jambo, na maandishi yamo ndani ya picha kama watu wanaobishana. Nampenda pia Reid Miles, aliyezitengenezea santuri za jazi za Blue Note kava karibu 500, wakati mwingine akiiachia herufi peke yake robo tatu ya karatasi. Na wote tuna deni kwa Alex Steinweiss wa kampuni ya santuri ya Columbia, Marekani. Kabla yake, miaka ya mwisho ya 1930, santuri nyingi ziliuzwa ndani ya majalada matupu, rangi ya khaki au kijivu, na jina tu kwenye uti. Lakini Lemi ndiye aliyenigusa, kwa sababu anaandika juu ya picha kama yule mchoraji wa mambamuntu wetu.

Basi vijana watatu wa Lubumbashi, wapiga magitaa, waliponiambia wanatoa santuri halisi yenye kava la sentimita 31 kila upande, niliwajibu kwamba kava hilo nitalichorea kwao.

Kutoka mpakani ni kama kilomita 90. Lami ilikuwa nzuri, nikasinzia. Nilipoamka niliona bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba limesimama juu ya mji, na kando yake ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuri. Nilikuwa na mlima huo tayari kwenye mchoro wangu. Niliuchora Dar, kutoka kwenye picha za intaneti.

Vijana walinipokea Kenya, ndiyo, Kenya ni jina la komuni hapa. "Yaya, karibu, ulisafiri muzuri?" Yaya kwao ni dada mkubwa. Tukala bukari, yaani ugali, na sombe, kisamvu chao, na bitoyo, samaki wa chumvi, kisha wakapiga magitaa. Yule mkubwa anapiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, mtindo wa Mwenda Jean Bosco, yule wa Bunkeya ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Gitaa moja ukadhani ni mawili.

Asubuhi walinipeleka kwa mjomba wao, mchoraji wa mabango ya saluni na maduka. Nilimwamkia shikamoo. Alicheka kwa upole na kunijibu, "Jambo sana, mama." Nikalikunjua kava langu: bomba la kiwanda limejaa karatasi nzima, anga la rangi ya shaba, jina la kundi kwa herufi nyembamba. Nilikuwa najivunia.

Alilitazama muda mrefu. "Iko muzuri kabisa. Lakini haina ukumbusho."

Neno hilo nililijua, ila si kwa uzito huo. Ukumbusho ndivyo wachoraji wa Katanga, eneo hili la migodi, walivyoziita picha walizowauzia wafanyakazi wa migodi na reli miaka ya sitini na sabini. Mambamuntu, wafungwa wakichapwa wakati wa Mbelgiji, vita vya Katanga kujitenga na Kongo. Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi, picha 101, juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Picha hizo zilitundikwa sebuleni ili mtu akiziona akumbuke, na akikumbuka aseme. Mzee alinieleza haya huku akichanganya rangi, hakuinua kichwa. Kisha akauliza, "Wimbo ya kwanza inasema nini?"

Kijana akamwambia: ni bibi yake, aliyekuwa akiuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, nje ya lango la kiwanda siku za mshahara.

"Sasa munkoyo iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechora bomba ambalo kila mgeni hulipiga picha, nikamwacha mwanamke ambaye wimbo ni wake.

Tulianza upya palepale. Mzee alikata gunia la unga, akalipigilia kwenye fremu, akalipaka nyeupe. Herufi nilimwachia yeye: huanza na kivuli, herufi yenyewe huja mwisho, na mkono hautetemeki. Mimi nilishika rangi. Kitenge cha bibi nilikitaka kijani cha malakaiti, nikanunua kipande cha jiwe lenyewe sokoni nikakiweka mbele yangu, maana najua kijani kile hufifia kikipita kwenye wino nne za mtambo wa kuchapia. Shaba ndiyo haipatikani kabisa kwa wino nne, unapata kahawia. Niliwaambia vijana wazi kwamba tutalipia wino wa tano, wa metali, kwa ajili ya herufi tu. Wakashauriana, wakakubali. Bomba likabaki nyuma, dogo kama njiti ya kiberiti.

Siku ya tatu jioni mama yake kijana aliingia na sinia la chai. Akasimama mbele ya gunia, sinia bado mkononi.

"Kikombe haikuwa ya plastiki," alisema. "Ilikuwa ya bati, nyeupe, na mudomo ya buluu. Mama alikuwa anaifunga na kamba kwa ndoo, juu bantu ya kazi walikuwa wanaiba..."

Akaketi, akaendelea kusimulia. Mzee alinisogezea kopo la rangi nyeupe.