Kilichoifufua hadithi yangu ya upanga na uchawi

Hadithi yangu ya kwanza ya upanga na uchawi ilirudishwa mara mbili. Mara ya pili mhariri aliandika sentensi moja tu: “Nimefika ukurasa wa nne na bado sijamhofia shujaa wako.” Iliniuma, kwa sababu nilimpenda sana yule shujaa. Zuhura, mlinzi wa misafara, alikuwa ameua watu saba kabla ya ukurasa huo wa nne, tena bila kutokwa jasho.

Nilianza kwa kurudi kwa Fumo Liyongo. Tangu utotoni nilichokumbuka ni nguvu zake, lakini niliposoma upya nikaona kinachomshika msomaji ni sindano ya shaba. Silaha nyingine hazimwezi. Sindano hiyo ikidungwa kitovuni, amekwisha, na anayeitia ni mwanawe mwenyewe. Kisha anakufa amepiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa kwenye upinde, na watu hawathubutu kuja kuteka maji kwa kudhani yu hai. Ile picha ya maiti inayolinda kisima haijanitoka mpaka leo. Zuhura wangu hakuwa na sindano yake.

Basi nikampa bega bovu, jeraha la zamani lililounga vibaya. Ili nijue bega hilo lingemsumbua vipi, nilitafuta kipande cha bomba la chuma chenye uzito wa kilo moja na robo. Panga nyingi za mkono mmoja za Ulaya ya zama za kati zilikuwa na uzito wa kilo 1 hadi 1.5 hivi, kwa hiyo sikuwa mbali. Nikanyoosha mkono na kulishika. Haikupita muda ncha ikaanza kutetemeka, halafu kiganja kikalowa, halafu nikawa siwazi kitu kingine chochote isipokuwa kulishusha. Jioni ile nilifuta mapigano yote niliyokuwa nimeandika.

Zamani niliandika hivi: “Zuhura aliuzungusha upanga kwa ustadi mkubwa na maadui wote wakaanguka.” Sasa ikawa: “Pigo la tatu lilikwama kwenye ukingo wa ngao. Akauvuta upanga, ukagoma. Akauachia, akarudi nyuma, akateleza, akainuka na mchanga mkononi.” Hapo ndipo nilipotambua hazina tuliyo nayo katika -ka-. Inasukuma tendo juu ya tendo bila kuhitaji “halafu” wala “ghafla”. Ila ukiimwaga mfululizo sikio linachoka. Mimi huikata kwa sentensi tulivu yenye -li-, msomaji apumue pamoja na mpiganaji.

Uchawi ndio ulionitesa zaidi. Mchawi wangu aliweza kila kitu, na sikuwa na jibu la swali dogo: kwa nini asimuue Zuhura tangu mwanzo? Kilichonitia moyo wa kuandika upya ni kusoma jinsi Robert E. Howard, mwandishi wa Marekani, alivyofanya. Alikuwa na hadithi ya mfalme Kull iliyokataliwa. Akaiandika upya, akaondoa mapenzi, akatia uchawi wa kutisha, akambadilisha mfalme akamweka mtu mpya aitwaye Conan, nayo ikachapishwa katika jarida la Weird Tales mwezi Desemba 1932. Kumbe hata hadithi iliyomleta Conan ilipitia mlango wa kukataliwa! (Jina lenyewe la “upanga na uchawi” lilikuja baadaye, mwaka 1961, kwa pendekezo la mwandishi Fritz Leiber.)

Nikaamua uchawi uwe na bei. Kila mara mchawi anapotamka neno la kuita, jina moja linafutika kichwani mwake. Bei hiyo niliionyesha mapema, katika onyesho la kwanza kabisa, pale anapomgeukia mtumishi aliyemhudumia miaka ishirini na kumuuliza kwa upole, “Wewe ni nani, mwanangu?” Mtumishi analia. Tangu hapo kila uchawi unaotokea unamtia msomaji hofu mbili, ya yule anayeshambuliwa na ya yule anayeshambulia. Na Zuhura akapata njia ya kushinda isiyohitaji misuli: kumchokoza mchawi aendelee kuita, na kuita, huku yeye bega linamwaka moto, mpaka mzee afike kwenye jina lake mwenyewe.

Jambo la mwisho lilikuwa majina ya mahali. Nilikuwa nimejaza ramani majina ya konsonanti zilizogongana, nikidhani ndiyo desturi. Kisha nikajua kwamba Charles Saunders, mwandishi wa visa vya shujaa Imaro, aliliita bara lake la kubuni Nyumbani. Mtu wa mbali alichukua neno letu la kila siku akalifanya liwe na majoka na wafalme, nami mwenye lugha nikawa nalikimbia. Jangwa langu nikaliita Kimyani. Ngome ya mchawi ikawa Sahaulifu.

Nikaituma kwa mhariri yuleyule. Alijibu baada ya wiki tatu: niondoe aya ya kwanza, ianze na swali la mchawi kwa mtumishi wake. Niliiondoa usiku huohuo.