Prosesa mpya, hatimaye

Wiki mbili silali vizuri jamani, kisa prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta. Mashine yangu ilikuwa na Ryzen 5 2600 ya 2018, gemu ikichangamka tu picha zinakatakata. Nikabaki na mbili kichwani za kuibadilisha, Ryzen 7 5700X na 5700X3D. Zote kori 8 (vile vitengo vya kazi ndani ya prosesa), zote zinaingia soketi yangu ileile ya AM4, ila X ina spidi zaidi na X3D ina keshi, ile kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa yenyewe, MB 96 mwenzake 32, na gemu zinaipenda sana hiyo keshi maana prosesa haihangaiki kufuata data kwenye ramu kila saa.

Nikachukua X3D, ikapanda basi toka Dar nikaipokea hapa Mbeya. Nikaapdeti BIOS kwanza, ile programu ya ubao inayoamsha mashine, hilo msiruke kabisa. Halafu nikacheza gemu nusu saa mashine ipate moto, maana na baridi hii ya Julai pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni inakuwa kama gundi, ukivuta feni kwa nguvu inang'oka na prosesa yake na pini zinapinda, ilishanikuta kwenye mashine ya bro roho ikaniuma mno. Nikazima, nikaizungusha feni taratiiibu kushoto kulia mpaka ikaachia yenyewe.

Saa hizi ni saa nane usiku, mpya ishakaa na gemu haijakwama hata mara moja aisee!