Sindano Iliyofunikwa Karatasi

Corona ilipoingia London nilikuwa nimeshastaafu udereva wa basi. Aprili 2020 simu ikawa hailii kwa heri: kila mara ni jina jingine la dereva, wengi wao weusi na Waasia, watu niliokunywa nao chai gerejini kabla ya zamu ya alfajiri. Mazishi tuliyatazama kwenye vioo vya simu. Kwa hiyo Julai, huduma ya afya ya Uingereza ilipofungua daftari la mtandaoni la watu walio tayari kushiriki majaribio ya chanjo, nilijiandikisha usiku uleule, kabla mke wangu hajapata nafasi ya kunizuia.

Nilikuwa na miaka 68 na vidonge vya presha. Oktoba nikaitwa. Chanjo ilikuwa ya kampuni ya Kimarekani, Novavax, na majaribio yake Uingereza yalichukua watu wa miaka 18 hadi 84, huku wakitaka angalau robo yao wawe wamevuka 65. Jambo hilo lina maana. Kinga ya mzee huwa nzito kuamka. Chanjo inayomwamsha kijana wa miaka 25 huenda ikampita mzee hivihivi, na ugonjwa wenyewe ulikuwa ukitumaliza sisi. Sasa ukiijaribu kwa vijana peke yao, umempimia nani?

Kabla ya siku yenyewe nilimpigia dada yangu mkubwa, Tanga. Kule kampeni za uchaguzi zilikuwa zimepamba moto, na kwa maelezo ya serikali corona ilikuwa imekwisha tangu Juni.

“Mdogo wangu, yaani wewe ndiye wa kujaribiwa?” akasema. “Sisi tulipiga nyungu, tukamwomba Mungu, yakaisha. Humsikii hata yule Drogba, kwamba Afrika si maabara?”

Hoja yake ilikuwa na miguu. Mwezi Aprili daktari mmoja na mtafiti mmoja wa Ufaransa walikaa kwenye televisheni wakajadili kwenda kuijaribu chanjo ya kifua kikuu Afrika, iwapo ingesaidia dhidi ya corona, mahali ambapo, kwa maneno yao, hakuna barakoa wala vyumba vya wagonjwa mahututi. Wanasoka Drogba na Eto’o wakawashukia. Mimi mwenyewe nilikasirika kwa siku kadhaa. Nikamwambia, “Dada, huku wanajaribiana wenyewe, na sisi weusi ndio tunaokosekana.”

“Basi mngeendelea kukosekana.”

Hospitalini walinipa chumba kidogo na daktari kijana. Karatasi za ridhaa nilikuwa nimeshatumiwa nyumbani, lakini hakunipa kalamu mpaka nimweleze kwa maneno yangu mwenyewe nimeelewa nini. Nikamweleza: kompyuta itapiga kura, nusu yetu tutadungwa chanjo na nusu maji ya chumvi, mimi sitajua, na yeye atakayenipima hatajua. Sindano ya pili baada ya siku 21. Na ninaweza kujitoa saa yoyote bila kutoa sababu. Hapo nikamwomba arudie, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

“Una swali?”

Nikauliza imetengenezwa na nini. Akasema ni protini, ile miiba ya kirusi, inayozalishwa ndani ya seli za mdudu, kisha husafishwa na kuchanganywa na kichocheo cha kinga kinachotoka kwenye gome la mti wa Chile. Mimi mtoto wa mkulima: nikataka jina la mdudu. Hakulijua. Akafungua kompyuta, akasoma taratibu: Spodoptera frugiperda. Akanigeuzia picha.

Nilicheka mpaka barakoa ikashuka. Viwavijeshi! Wale walioingia Tanzania 2017 wakala mahindi ya dada yangu, shamba zima, na sisi wa Ulaya tukatuma pesa za dawa. Daktari akanihakikishia kwamba seli hizo zinafugwa maabara kwa miongo mingi na hakuna kiwavi ndani ya chupa. Nikamwambia asijali, naona ni fidia tu. Nikatia saini.

Wakanichokonoa puani, wakatoa damu chupa kadhaa. Kisha akaja nesi mwingine, ambaye kazi yake ni kujua na kunyamaza. Bomba la sindano lilikuwa limezungushiwa karatasi ili nisione rangi ya kilichomo. Nikaangalia ukutani, likaisha. Nikakaa nusu saa waone kama nitaanguka. Kiti cha mbali kidogo alikaa mzee wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, akaniuliza kama ninahisi chochote.

“Njaa,” nikasema.

Usiku mkono uliuma. Kwenye shajara waliyonipa nikaandika: maumivu kidogo, uchovu kidogo. Mke wangu akasoma, akaukata mjadala: “Hiyo ndiyo yenyewe.” Nami niliamini. Nilitembea mwezi mzima kama mtu mwenye siri, ingawa barakoa sikuivua.

Tarehe 28 Januari 2021 kampuni ikatangaza matokeo ya awali ya Uingereza: ufanisi wa asilimia 89.3. Tulishangilia sebuleni. Februari nikaitwa kwenye chanjo ya kawaida kwa zamu ya umri wangu, na kwa hiyo nilikuwa na haki ya kuomba nifunuliwe nilidungwa nini. Simu ikaja. Chumvi.

Dada alicheka mpaka akakohoa. “Wamekutia chumvi kama ng’onda! Na mkono ukauma!”

Mkono uliuma kweli, sijui nimweleze nani. Lakini nilipoona hesabu za mwisho sikuona aibu yoyote. Waliougua corona walikuwa 106: kumi katika waliopata chanjo, 96 katika sisi wa chumvi. Bila sisi, hao kumi si wengi wala si wachache. Kilichoniudhi ni kitu kingine: katika watu zaidi ya 15,000, zaidi ya asilimia 90 walikuwa weupe. Tulikosekana vilevile, kama alivyotaka dada.

Mwisho wa Julai 2021 Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera, chanjo ya Janssen. Safari hii dada ndiye aliyepiga.

“Hiyo ya Janssen, wazee waliijaribu?”

“Kama theluthi walivuka miaka 60.”

“Na weusi?”

“Afrika Kusini walikuwemo.”

“Na ina mdudu gani?”

“Haina mdudu, dada. Ni kirusi cha jamii ya mafua, kimeondolewa uwezo wa kuzaana.”

“Heri mdudu,” akasema. “Mdudu namjua.”

Agosti akaenda hospitali ya Bombo, akachanjwa.